Jibu Nililowapa Watu wa Buganguzi

Binti wa kaka yangu alikuwa na miaka saba vita vilipoanza. Nautaja umri wake kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa makosa yote niliyokuja kumtendea yangeepukika kama ningeukumbuka umri huo siku ile nilipoulizwa.

Kaka alikuwa fundi wa redio mjini Bukoba, mtaa wa Bakoba. Majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka, na watu wa kaskazini wakaanza kumiminika mjini na magodoro vichwani, alimchukua mkewe na mtoto akaja nao Kamachumu kwa mama yetu. Mimi nilikuwa kidato cha pili na shule yetu ilikuwa imefungwa kwa muda. Hatukuwa na kazi nyingine ila kupalilia kibanja, shamba letu la migomba, na kusikiliza redio. Katika majuma yale nilimfundisha yule mtoto kusoma, kwa herufi zilizopigwa chapa kwenye magunia ya kahawa. Alishika upesi. Alikuwa akinifuata migombani akinisomea kila alichokiona kimeandikwa, hata kwenye kiberiti, na aliniita baba mdogo kwa sauti ya kudai, kama anayejua kwamba hatanyimwa.

Vita vilipokwisha kaka alirudi Bakoba na familia yake. Ni baada ya hapo ndipo alipoanza kuvuka mpaka kutafuta vipuri vya redio, akikaa huko majuma mawili, wakati mwingine matatu. Miaka minne baadaye alianza kukonda. Mkewe akafuata. Wakati ule watu waliuita ugonjwa ule silimu, na wengine walisema ni kurogwa na wafanyabiashara wa ng'ambo waliodhulumiwa mali yao. Kaka alizikwa Kamachumu, na mkewe akazikwa kando yake kabla ndizi zilizopandwa kwenye msiba wa kwanza hazijazaa. Binti akabaki kwa mama yangu. Alikuwa ameshakuwa msichana.

Mimi sikuwapo kwenye msiba wa pili. Nilikuwa Dar es Salaam, chuoni, nikisomea ualimu wa baiolojia.

Aliyetoka Bukoba miaka ile anajua jinsi ilivyokuwa kutaja kwenu ni wapi. Bwenini mwenzangu wa chumba alikuwa kijana mpole, lakini alikuwa na kikombe chake na alikificha. Hakuwahi kunitamkia neno baya. Alikuwa akikiosha kikombe kile, akikifuta, akikifungia kabatini, kisha akinikaribisha chai katika kikombe kingine. Nilikunywa. Nilikuwa nikijiambia kwamba iko siku nitalijua jambo hili kuliko wao wote, na siku hiyo hawatanitazama hivi.

Nafasi ikaja. Mwalimu mmoja wa kigeni, mtafiti wa wanyama wa baharini, alihitaji wanafunzi wawili wa kumsaidia likizo. Alikuwa akichunguza kiumbe wa duara mwenye miiba mirefu myeusi, ambaye sisi tulimwita nungu wa bahari. Maji yalipokupwa tulikuwa tukiingia miambani na ndoo, tukiwaokota kwa koleo. Maabarani tulikuwa tukiwadunga maji yenye chumvi fulani, na madume yakitoa mbegu nyeupe, nzito kama maziwa. Mwalimu alizipitisha hatua kadhaa, kisha akamimina spiriti baridi polepole na kuzungusha kijiti cha kioo. Nyuzi nyeupe zikawa zinajiviringisha kwenye kijiti. Alisema hizo ndizo chembe za urithi, maandishi yote ya kumtengeneza nungu mwingine.

Siku moja alitueleza alichokuwa akikitafuta. Katika maandishi yale, alisema, mna vipande vinavyofanana sana na virusi. Vinajinakili, nakala inahama na kujichomeka mahali pengine katika maandishi yale yale. Yaelekea zamani za kale, kabla hata hapajawa na binadamu, virusi fulani viliingia katika mayai au mbegu za mababu wa nungu hawa vikabaki humo. Tangu hapo kila nungu anazaliwa navyo.

Nikamuuliza, "Virusi vya namna gani?"

Akanitazama kidogo. Alijua ninakotoka. "Ni ndugu wa mbali wa virusi vya ugonjwa unaowasumbua kwenu," akasema. "Navyo vinajiandika katika chembe za mtu."

Alisema na mengine. Alisema kujiandika katika chembe za damu ni jambo moja, na kujiandika katika mbegu ya uzazi ni jambo jingine kabisa. Nililisikia na nililiandika. Lakini nililoondoka nalo kifuani ni lile la kwanza, kwamba ni ndugu, na kwamba vinajiandika. Hatimaye nilikuwa na kitu ambacho mwenye kikombe hakuwa nacho.

Nilirudi Kagera nikapangiwa shule ya sekondari Muleba. Mtu aliyetoka chuo kikuu alionekana amefika mbali. Kanisani Kamachumu nilikuwa nikipewa benchi la mbele, na wazee walioogopa kwenda hospitali walinijia mimi waniulize juu ya ugonjwa. Nilikuwa nikiwajibu kwa maneno marefu. Nilipenda jinsi walivyonyamaza nikizungumza.

Binti wa kaka alikuwa na miaka kumi na minane. Alikuwa akiimba kwaya, na humo akafahamiana na kijana seremala wa Buganguzi aliyekuja kutengeneza madirisha ya kanisa. Watu wa kijana walileta mshenga. Mama yangu alifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu misiba. Alianza kusuka mikeka mipya mwenyewe, na macho yake hayakuwa mazuri tena.

Ndipo baba wa yule kijana alipokuja shuleni kwangu, peke yake. Nilimpokea katika chumba cha maabara. Alikuwa mzee nadhifu, mkulima wa kahawa, Mlutheri kama sisi. Alikaa kwenye stuli akaweka kofia magotini.

"Waitu mwalimu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "nimekuja na swali ambalo siwezi kuliuliza mbele ya mama yako."

"Uliza, mzee."

"Wazazi wa binti walikufa kwa ugonjwa huu. Hilo tunalijua, na kwetu pia tumezika. Binti mwenyewe ni mzuri, sina neno naye. Ninachotaka kujua ni kimoja. Ugonjwa huu unarithiwa?"

Lingetosha jibu la neno moja. Au ningeweza kusema, mzee, binti huyu alizaliwa miaka mingi kabla baba yake hajaugua. Mzee yule angevaa kofia yake akaenda zake.

Badala yake nilisimama nikachukua chaki. Nilimchorea chembe. Nikamchorea virusi vikiingia. Nikamweleza habari za nungu wa bahari, jinsi virusi vilivyojichomeka katika mbegu zao zamani na jinsi wanavyozaliwa navyo hadi leo. Nikamwambia kwamba virusi vya ugonjwa wetu ni ukoo mmoja na vile, navyo vinajiandika vilevile. Nilizungumza karibu nusu saa. Alifuatilia kila mchoro kwa heshima.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo unarithiwa?"

"Kisayansi," nikasema, "hatuwezi kukataa."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru kwa kumweleza ukweli bila kuficha, ingawa ni damu yangu mwenyewe. Nami nilijiona mtu mwaminifu sana. Nilifuta ubao nikaenda darasani.

Juma lililofuata mshenga alikuja Kamachumu kusema kwamba watu wa Buganguzi wamesitisha. Mama alimuuliza sababu. Mshenga hakutaka kusema, mama akamshikilia, ndipo akasema, "Mwalimu mwenyewe ametueleza. Imo kwenye mbegu."

Jumamosi nilipofika nyumbani nilimkuta mama ukumbini. Binti alikuwa jikoni, mlango wazi, anasikia kila kitu.

"Umewaambia nini watu wale?" mama akauliza.

"Mama, waliniuliza jambo la kitaalamu. Nisingeweza kudanganya."

"Huyu mtoto nilimpokea mimi kwa mikono hii akizaliwa. Baba yake alikuwa mnene, mama yake mnene. Silimu ilikuwa wapi wakati huo?"

"Mama, si rahisi hivyo. Mambo haya yanakaa ndani muda mrefu bila kuonekana."

"Muda gani?"

Nikamwambia kwamba ni habari ndefu, hawezi kuielewa. Nilimwambia hivyo mama yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, na ambaye hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya kwangu. Aliendelea kusuka. Baadaye niliona kwamba mkeka ule hakuumalizia.

Binti hakulia mbele yangu. Alifanya jambo ambalo wakati ule lilihitaji moyo kuliko kulia. Alikwenda Bukoba, hospitali, akaomba apimwe damu. Wakati ule watu hawakuwa wakipimwa hivi hivi, na majibu yalichukua majuma. Alikwenda mara tatu. Aliporudi alinijia Muleba, akanikuta nyumbani kwangu nikisahihisha madaftari, akanipa karatasi.

"Sina, baba mdogo," akasema. "Soma. Uwapelekee."

Nilisoma. Ilikuwa wazi. Na hapa ndipo ninapotamani, hata sasa, mtu angeingia akanikatiza. Kwa maana kama karatasi ile ilikuwa kweli, basi mzee wa Buganguzi nilimweleza upuuzi, na ubao wote nilioujaza ulikuwa upuuzi.

"Kipimo hiki," nikasema, "kinatazama damu. Kilichoandikwa kwenye mbegu kinaweza kisionekane kwa kipimo hiki."

"Sasa nipimwe na nini?"

"Kwa sasa hakuna."

"Kwa hiyo hakuna karatasi itakayosema kwamba mimi ni mzima."

"Sikusema hivyo."

"Umesema," akasema. Akaichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo alichokuja nacho. Hakunywa uji niliomwekea. Baada ya siku chache mama akanitumia habari kwamba ameondoka na mwanamke mmoja mchuuzi wa dagaa, wamekwenda visiwani, katikati ya ziwa.

Wakati ule kusema msichana amekwenda visiwani ilikuwa kama kusema amepotea. Kule kulikuwa na wavuvi wa kila kabila, wa Mara, wa Ukerewe, wengine wa ng'ambo ya mpaka, wanaume wasio na wake karibu. Watu wa Kamachumu walitikisa vichwa wakasema ndiyo, si alikuwa nayo tangu kuzaliwa. Maneno yangu yalikuwa yameshavuka mabonde yote na kurudi.

Mwaka uliofuata walimu wa baiolojia wa mkoa tuliitwa Bukoba kwa mafunzo ya kufundisha habari za ukimwi shuleni. Daktari aliyetufundisha alikuwa mwanamke, kijana kuliko mimi. Wakati wa maswali nilisimama. Nilitaka wenzangu wajue kwamba nimesoma zaidi yao, kwa hiyo nilianza na nungu wa bahari, nikafika kwenye kurithi.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa uvumilivu. Kisha akasema, "Mwalimu, vipande unavyovisema viliingia kwenye mbegu za wanyama hao kwa bahati ya nadra sana, mamilioni ya miaka iliyopita. Virusi vya ukimwi vinakaa katika chembe za damu, havirithiwi kama rangi ya macho. Mtoto huambukizwa na mama aliye navyo, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Aliyezaliwa na kuachishwa ziwa kabla mama hajaambukizwa hawezi kuwa navyo kwa njia hiyo."

"Na kipimo?" nikauliza.

"Kipimo kikisema hana, na miezi ikapita bila yeye kujiweka hatarini, hana. Kuna mtu unamfahamu?"

Nikasema hapana. Nikakaa. Hilo la kusema hapana mbele ya watu linaniuma karibu sawa na yale mengine.

Kutoka Bukoba sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Buganguzi. Baba wa seremala alinipokea vizuri, akaleta kahawa ya kutafuna katika kisahani, tukatafuna kwanza kama inavyotakiwa. Nikamwambia yote niliyosikia. Nikamwambia nilikosea.

Alichukua buni nyingine kisahanini, kisha akasema, "Waitu mwalimu, ulinichorea ubaoni. Ulikuwa na hakika. Sasa unakuja na lingine. Nishike lipi?"

"Shika hili la sasa, mzee. Lile lilikuwa kosa langu."

"Kijana ameshaoa," akasema. "Tangu Pasaka. Alikataa kula karibu mwezi mzima, mama yake akafikiri tutamkosa. Sasa ametulia. Unataka nimwambie nini?"

Alinisindikiza hadi mwisho wa kibanja, na pale akaniomba, kwa upole tu, nisije nikalizungumza jambo hili na mwanawe.

Ilibaki kwenda visiwani. Mama alikuwa akijua aliko, sikuwa nimewahi kumuuliza. Alinitajia mwalo mmoja, mahali wavuvi wanapopakulia samaki, katika kisiwa cha Bumbire. Nilipanda mtumbwi wa injini pamoja na wanawake waliokwenda kununua samaki, na mawimbi yalinitapisha njia nzima mbele yao.

Nilimkuta juu ya mwamba mpana, ameinama, anageuza dagaa waliotandazwa juani. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani na miguu yake ilikuwa na magamba ya samaki hadi magotini. Aliponiona alinyooka. Hakukimbia kunipokea, lakini alinawa mikono.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilisikia neno lile. Hakuwa amewahi kuniita mwalimu.

"Marahaba. Bibi yako anakusalimu."

"Macho yake yanaendeleaje?"

"Haoni tena vizuri."

Akanikalisha kwenye kivuli cha kibanda, akanipikia sangara na ugali. Nilipokuwa nakula nilimweleza. Nilimwambia daktari alivyosema, nikamwambia nimekwenda Buganguzi. Aliendelea kufukuza nzi kwenye sahani yangu.

"Kwa hiyo nilikuwa mzima," akasema nilipomaliza.

"Ulikuwa mzima siku zote."

"Nilijua. Bibi alikuwa akiniambia kila siku. Lakini bibi hakusoma." Akafukuza nzi mwingine. "Unajua wewe ndiye uliyenifundisha kusoma? Nilikuwa nikifikiri kila usemalo limeandikwa mahali."

"Nisamehe, mwanangu. Turudi nyumbani."

"Nirudi nikawe nani? Utapita nyumba kwa nyumba ukiwaambia?"

"Nitapita."

"Hawatakusikiliza. La kwanza ndilo walilolishika." Alisema bila hasira, kama anayenieleza njia ya kurudi mwaloni. Kisha akaniambia kuna mwanaume wa Ukerewe, fundi wa mitumbwi, aliyetaka kumwoa. Binti alimtaka waende kupima wote wawili kwanza, na mwanaume akakubali. "Nilipomweleza habari zangu alicheka," akasema. "Aliuliza, wewe ni nungu?"

Nami nilijaribu kucheka.

Nilipita nyumba kwa nyumba Kamachumu, nyumba kadhaa. Watu walinisikiliza kwa adabu. Wengine walidhani nataka kuficha aibu ya ukoo. Mchungaji alinipa nafasi ya kusema baada ya ibada, nikasema, na nilipokwenda kukaa benchi la mbele niliona watu wakitazama chini. Sidhani kama nilibadili mawazo ya watu wengi.

Binti aliolewa kule kule. Mama yangu alipofariki alikuja na mtoto mgongoni, akakaa na wanawake ndani siku zote za msiba, akapika, akatoa machozi yake. Matanga yalipoanuliwa aliondoka asubuhi. Kwangu alikuja kuaga kama mgeni yeyote anavyomuaga mwenye nyumba.

Sasa nimestaafu. Nimefundisha mamia ya wanafunzi kwamba ukimwi haurithiwi kama rangi ya macho, na kila mwaka nilipofika somo hilo nililifundisha polepole kuliko mengine yote, nikisubiri waulize. Nilizoea pia kusema "sijui" mbele ya darasa. Ni neno fupi, na lingemtosha mzee wa Buganguzi.

Miaka michache iliyopita mtoto wa kwanza wa yule binti wa kaka alichumbiwa, na watu wa mwanaume wakaja kujitambulisha, Muleba, ambako yeye na mumewe walikuwa wamejenga. Habari nilizipata kwa dada yangu, sikualikwa na mwenyewe. Nilikwenda. Alinipokea vizuri, akanipa kiti kizuri. Upande wa wageni ulipouliza ni nani atakayewajibu kwa niaba ya ukoo wa mama, niliinua mgongo kidogo kwenye kiti, kwa kuwa kwa desturi nafasi hiyo ilikuwa yangu. Akasimama mzee mmoja wa visiwani, jirani yao wa zamani, mvuvi asiye ndugu yetu kabisa. Alizungumza maneno machache yaliyotosha, na watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.